Moshi wa Pilipili

Katika hati iitwayo Codex Mendoza, iliyochorwa Meksiko katika karne ya 16 baada ya Wahispania kuitwaa nchi ile, na ambayo sasa imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford, imo picha ya baba wa Kiazteki aliyemwinamisha mwanawe mtundu, mwenye umri wa miaka 11, juu ya moshi wa pilipili kavu zinazoungua. Wanachuoni huitazama picha hiyo kwa ajili ya kujua malezi ya kale; mimi huitazama kwa huruma ya jamaa, maana adhabu aliyoistahili mtoto yule kwa utundu wake, sisi nyumbani kwangu tuliipata kwa kutamani kitu cha kutowelea tu.

Salsa nyekundu ya kuchoma, kwa maelezo ya mama mmoja wa Puebla, jirani yetu wa ghorofa ya chini hapa Pilsen, mtaa wa Chicago wenye Wameksiko wengi, ni jambo jepesi mno. Huchukuliwa nyanya mbivu, nusu kitunguu na punje za kitunguu saumu zisizomenywa, vikabandikwa vikavu, bila tone la mafuta, juu ya comal, yaani kaango bapa la chuma au udongo, hata maganda yakafanya weusi na nyanya zikalegea. Kisha pilipili ndogo kavu waziitazo chile de árbol hupitishwa motoni kwa muda mfupi sana, na vyote husagwa katika molcajete, kinu cha jiwe la volkano chenye miguu mitatu, kwa kuanzia chumvi na kitunguu saumu. Kinu chenyewe, kwa kuwa kilikuwa kipya, kilinitaka kwanza nisage mchele mkavu ndani yake, tena na tena, mpaka unga utoke mweupe usio na chembe za jiwe. Na kazi hiyo, iliyonishika tangu alasiri hadi magharibi, ilimfanya mke wangu aulize, kwa upole uliojaa istihizai, kama unga ule ndio chakula cha usiku.

Hayo yote si kitu mbele ya ule “muda mfupi sana”, ambao mama yule aliutaja kwa kupunga mkono, kana kwamba mikono yote duniani hupungwa sawasawa. Ilikuwa Januari, madirisha yamezibwa kwa ajili ya theluji, na pilipili, ambazo hazikungoja ulimi wa mtu, zikapeleka ukali wake hewani. Nilikohoa mimi, akakohoa mke wangu, king'ora cha moshi darini kikaanza kulia. Na ami yangu, mgeni wetu kutoka Lamu, aliyekuwa chumbani katika nyiradi zake, akatoka amejiziba pua kwa kikoi.

“Mwanangu,” akasema, machozi yakimtoka, “ni jini gani huyo unayemfukiza, hata wanadamu tunatoka kabla yake?”

“Hapana jini, ami,” akajibu mke wangu. “Ni chakula.”

“Basi mwonjesheni. Hatarudi.”

Jirani alipanda, hakuvutwa na king'ora bali na harufu, akazitazama pilipili zetu, akazitupa zote, kwa kuwa iliyoungua huwa chungu, akakaanga nyingine papo hapo. Wala hakukohoa, jambo ambalo kwangu lilizidi moshi kwa kuudhi.

Salsa ilitoka njema kabisa, tamu ya nyanya na yenye harufu ya moto. Ami, aliyeamini kwamba mtu wa pwani hana la kufundishwa juu ya pilipili, na ambaye hakufurahi kuambiwa kwamba pilipili hii na nyanya pia asili yake ni Amerika, zikaenea duniani baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, aliichota kwa kijiko. Tulimsihi anywe maziwa, kwani kapsaisini, dutu iletayo ukali, haiyeyuki katika maji. Akajibu kwamba maziwa ni ya watoto, akamaliza jagi la maji bila nafuu yoyote, ndipo akaomba maziwa kwa ishara.

Basi msomaji, ukinuia kuipika, fungua madirisha kwanza, weka maziwa karibu, na ikiwa unaye ami mgeni, ngoja atoke kwenda msikitini.