Yah: Maombi ya Wavuvi Kusajiliwa Kuwa Wawekezaji

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Mamlaka ya Uwekezaji, Zanzibar.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuletea ombi ambalo hakuna aliyenituma kulileta, na ambalo kwa vigezo vya ofisi yako lingekuwa limeshapigwa muhuri zamani. Naomba watu wa Paje, Jambiani, Bwejuu na Makunduchi, wanaoishi kwa pweza, kwa changu na kwa mwani, waandikishwe rasmi kuwa wawekezaji katika Wilaya ya Kusini Unguja. Hawaombi msamaha wa ushuru wa viyoyozi, wala hawana haja ya kupokewa uwanja wa ndege. Wanaomba kile anachopewa mnunuzi wa fleti ya vyumba viwili kabla hajajua kaskazi inavuma kutoka wapi: karatasi yenye muhuri, inayosema kwamba mahali pao ni pao kwa miaka inayohesabika.

Utaratibu uliopo ni mzuri, nami nausifu kwa dhati. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Ndivyo ilivyokuwa baada ya Mapinduzi, na ndivyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 inavyosema. Kwa hiyo mgeni hauziwi ardhi, anakodishwa kwa miaka 33, na mkataba unaweza kuongezwa hadi ifike 99. Ilipoonekana kuwa wengine hawataki shamba zima bali ghorofa ya pili yenye roshani, ikaja sheria ya mwaka 2010 iliyoruhusu jengo moja kumilikiwa vipande vipande. Leo matangazo ya nyumba za Fumba na Paje yanaahidi kwamba atakayenunua kwa dola 100,000 atapata na kibali cha ukaazi, yeye, mwenza wake na watoto. Waliopanga haya walijua walifanyalo: hakuna mwenye akili anayezika fedha zake mahali ambapo kesho anaweza kuambiwa ahame. Hoja hiyo ndiyo yangu pia, na sina nyingine. Kama mtu wa Milano hathubutu kununua kitanda na jokofu bila uhakika wa miaka 33, mwanamke wa Paje anafungaje kamba zake baharini bila uhakika hata wa bamvua lijalo?

Maana na yeye amewekeza. Mwani wa biashara ulianza kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Mkataba wa miaka 33 uliosainiwa siku ya kamba ya kwanza ungekuwa umemalizika mwaka 2022, na sasa tungekuwa tunazungumza habari ya kuuhuisha. Mtaji wenyewe unaonekana kwa macho. Siku za bamvua, saa nne asubuhi, maji huwa yamerudi nyuma zaidi ya kilomita moja, na pale ambapo mpangaji wa fleti anashangaa bahari imekwenda wapi, wanawake wako kazini. Wanapigilia vijiti mchangani, wanawamba kamba kutoka kijiti hadi kijiti, wanafungia vipande vya mwani kwa taitai, kimoja baada ya kimoja, migongo imeinama mpaka maji yaanze kujaa. Baada ya wiki sita hivi wanavuna, wanabeba mzigo unaochuruzika maji, wanauanika, kisha wanauuza mkavu kwa bei ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi mia kadhaa kwa kilo. Unasafirishwa nje na kuleta fedha za kigeni. Unawapa kazi zaidi ya watu 20,000 Unguja na Pemba, wengi wao wanawake. Fedha za kigeni na ajira: nadhani, Mheshimiwa, hivyo ni visanduku viwili vya mwanzo katika fomu yenu.

Kuna na mchango wa tatu ambao fomu haina nafasi yake. Fungua tangazo lolote la nyumba za pwani ya mashariki utazame picha. Kuna roshani, kuna glasi ya maji ya dafu, na nyuma yake, bila kukosa, kuna ngalawa yenye tanga jeupe. Mvuvi yule hakulipwa kwa kupigwa picha, lakini yumo katika bei. Ukimwondoa yeye na chombo chake, na wale wanawake wenye vijiti, kinachobaki ni mchanga na joto, na mchanga na joto vinapatikana katika pwani nyingi duniani kwa bei nafuu zaidi. Mwekezaji ananunua kijiji kinachovua, kisha baada ya kuhamia anaandika barua kulalamika kwamba kijiji kinanuka samaki.

Mtu wa ofisi yako atanijibu kwamba ufukwe haujauzwa kwa yeyote, ni wa umma, na kanuni inataka jengo la kudumu lirudi nyuma mita 30 kutoka ukomo wa maji makuu. Ni kweli, na mita hizo 30 zingetosha sana kama zingekuwa tupu. Ila baa ya makuti si jengo la kudumu, ni makuti tu. Vitanda vya jua navyo si jengo. Mlinzi mwenye rungu, kwa tafsiri yoyote ya sheria, hawezi kuitwa jengo. Halafu diko, mahali wavuvi wanapopandisha vyombo na kushusha samaki, si mchanga peke yake. Diko linataka mahali pa juu pa kuvutia ngalawa isichukuliwe na maji ya bamvua. Linataka kivuli, mkungu au mvinje mkubwa, mvuvi akae chini yake atie viraka nyavu zake na mwenziwe akalafati mashua. Linataka njia pana ya kupita gari la barafu hadi penye mnada, kwa sababu changu aliyechelewa barafu saa tatu hauzwi tena, anagawiwa. Chombo kikirudi usiku, linataka ruhusa ya kuwasha taa na kupiga kelele. Hotelini, kelele za usiku zina wakati wake na zina kiingilio. Sasa funga ile njia pana kwa ukuta wa pamoja wa hoteli mbili, uache kichochoro cha kupita mtu mmoja mwenye ndoo. Ufukwe bado ni wa umma, na diko limekufa.

Jibu la pili, ambalo husemwa kwa sauti kubwa zaidi, ni kwamba wanakijiji waliuza wenyewe, wakanunua pikipiki, na sasa wanalia. Nalichukua kwa uzito, kwa kuwa viwanja kweli viliuzwa. Lakini tuulizane kilichouzwa ni nini. Ardhi si yao, ni ya umma, tumeshakubaliana. Familia iliuza minazi yake, kuta za nyumba na mazao, na fidia huku kwetu kwa desturi huhesabiwa hivyo hivyo: miti mingapi, inazaa au haizai. Mwenye minazi 30 alikuwa na haki ya kuuza minazi 30. Njia ya kwenda dikoni iliyopita katikati ya minazi hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya shehia nzima, na wengi waliokuwa wakiipita hawakuiona hata shilingi moja ya biashara ile. Aliyeuza aliuza chake, na aliyenunua akapewa zaidi ya alichonunua, kwa kuwa kile cha ziada hakikuandikwa popote kuwa ni cha mtu.

Na ajira za hoteli? Zipo, sizibezi, na utalii ndio unaosemwa kuleta karibu asilimia 80 ya fedha za kigeni za Zanzibar. Ila hoteli huajiri mtu na hupunguza mtu. Machi 2020 ndege za watalii zilisimama, hoteli zikafunga milango, na waliokuwa wahudumu walirudi kwenye mwani na kwenye mwamba. Bahari haikutoa tangazo la kufunga. Wilaya iliyokwishauza diko lake isingekuwa na pa kurudi. Tena kuna gharama ambazo mhasibu wa hoteli haziandiki. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 na shirika la Uingereza la Tourism Concern, uliopita Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ulikuta kaya ya kawaida inatumia lita 93 za maji kwa siku, na chumba kimoja cha wageni, kwa wastani, lita 686. Maji hayo yote ni ya chini ya mwamba mmoja wa matumbawe. Mwenye pampu kubwa ana mkataba. Mwenye kisima cha kamba ana subira.

Liko neno jingine dhidi ya wavuvi, nalo lina ukweli ndani yake: wao wenyewe wanaiharibu bahari, kwa juya na kwa kuvunja matumbawe wakimtafuta pweza. Wapo wafanyao hivyo. Lakini anayevua pasipo uhakika wa kesho huvua vyote leo, kama mpangaji aliyekwishapewa notisi asivyopaka nyumba rangi. Walipopewa nafasi ya kujiamulia, walifanya vingine. Kisiwa Panza, kule Pemba, wanakijiji hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu, doria ni yao wenyewe, pweza akakua, ndipo hufungua. Na huku Paje, joto la maji limeshaua sana ule mwani wa bei nzuri, kotonii. Watafiti kama Dk. Flower Msuya wamekuwa wakiwafundisha wakulima kuupeleka kwenye maji ya kina ambako joto limepungua. Maji hayo hayo ndiyo wanayopita wapanda kaiti na boti za wageni. Wa kaiti ana shule iliyosajiliwa. Mwenye mwani ana vijiti, ambavyo siku hizi huitwa hatari kwa watalii.

Kwa hiyo masharti tunayoomba ni yale yale yenu, tumebadilisha jina la mwombaji tu. Kila diko la wilaya lipimwe, pamoja na njia yake ya gari na miti yake ya kivuli, lipewe hati kwa jina la kamati ya wavuvi ya shehia, miaka 33, ya kuongezwa hadi 99. Mashamba ya mwani yachorwe katika ramani ile ile mnayoonyesha wageni wakija na mikoba yao, na yachorwe kabla ya kiwanja kinachofuata kutolewa. Mkataba wowote mpya wa ufukweni utaje upana wa njia kwa mita, usiishie kwenye neno "umma". Ikiwa serikali inaona hii ni zawadi kubwa mno, tuko tayari kutozwa kodi ya ardhi kwa kiwango kile kile wanachotozwa wenye hoteli, na tutashukuru tukionyeshwa kiwango hicho.

Limebaki jambo moja dogo la kiofisi. Fomu ikiuliza nchi anayotoka mwekezaji, tuandike Paje, au ombi litarudishwa kwa kukosa viambatanisho? Na kama pasipoti ni lazima, mtatupokelea kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi?

Wako katika ujenzi wa Uchumi wa Buluu,

Mlipakodi asiye na fleti