Programu Imemeza Mei

Mpwa wangu anasomea shahada ya pili ya uchumi, na maktaba yake ni meza yangu hapa Soweto West, Nairobi. Stima nalipa mimi, unga nanunua mimi, halafu ananifundisha mimi bei ya unga.

Anatafuta kointegresheni, ile kazi ya Robert Engle na Clive Granger ya 1987. Bei ya gunia la mahindi na bei ya pakiti ya unga hupanda na kushuka kila moja kivyake, lakini je, mwishowe hurudiana? Wazee hao walipata Nobel mwaka 2003. Mama wa posho mill angewajibu bure.

Data ya kijana inaanza Januari 2017. Bila lagi, yaani bila kuangalia mabadiliko ya miezi ya nyuma, bei haziendani. Akiweka lagi nne zinaendana, na AIC, kipimo cha kuchagua idadi ya lagi, kimeipenda nne. "Anko, kompyuta imeamua."

Imeamua nini, na kila lagi inakula mwezi? Bila lagi, jaribio linaanza Februari, kwa kuwa badiliko la kwanza linahitaji Januari. Kwa lagi nne, linaanza Juni. Mei je? Mei 2017 ndipo serikali iliposhusha pakiti ya kilo mbili kutoka zaidi ya shilingi 150 hadi 90, tukapigana viwiko kwenye foleni. Ndio mwezi ambao unga uliruka na kuacha mahindi, na programu imeumeza kimya kimya, bila hata onyo. Lazima lagi nne ionekane na makosa madogo, kama mwanafunzi anayeongoza darasa kwa kuwa siku ya hesabu hakuja.

Nikamwambia alinganishe lagi zote kwa miezi ile ile: zote zianze Juni. Akishachagua, airudishie lagi aliyoichagua miezi yake iliyobaki. Afadhali zaidi atafute data ya 2016, Mei isiponyoke kabisa.

"Lakini Anko, matokeo yataharibika."

Kumbe tulikuwa tunaitunza afya ya matokeo! Na chai yangu anakunywa.

Sasa amehamia Julai 2022, serikali ilipotangaza tena unga wa shilingi 100 wiki chache kabla ya uchaguzi. Anauliza kama aandike 100. Mimi pakiti hiyo niliiona kwenye taarifa ya habari tu. Dukani kwetu haikufika. Nimemwambia mwezi huo aje aniulize bei mimi.