Mkeka Mgonjwa, Mchezaji Mzima

Dance Dance Revolution ya Konami, mchezo wa kudansi kwa kukanyaga mishale, ilipoingia kwenye kumbi za michezo za Japani mwaka 1998, ilikuwa na jukwaa imara la chuma. Ya nyumbani ikaja na mkeka wa plastiki, na visingizio vikapata pa kulala.

Mchezaji akikosa hatua, kosa si lake: mkeka "umekufa". Huukanyaga kwa kisigino kama anayeua mende, kisha lawama huangukia waya. Kumbe ndani mna tabaka mbili zenye rangi inayopitisha umeme, zikitenganishwa na sponji yenye matundu. Mguu ukikandamiza, tabaka hugusana. Sponji ikihama kwa sababu mkeka ulikunjwa ovyo na kusukumwa uvunguni, mshale wa kushoto hunyamaza, au hujibonyeza wenyewe.

Ugonjwa wa kweli upo. Kwenye kompyuta, baadhi ya adapta za kuunganishia mkeka huisoma mishale kama joistiki, nayo joistiki haiendi kushoto na kulia kwa pamoja. Anayeruka kwa miguu miwili huandikiwa kosa. Huyo alalamike, ana haki.

Wengine wauchomoe mkeka, waunyooshe, wauchomeke upya. Na viatu wavue.