Marehemu Aliyetoa Toleo Jipya

Anayejigamba kwamba ameweka lugha ya programu ya Python kwenye kompyuta ya nyumbani aulizwe kwanza: ipi? Python 3 ilitoka Desemba 2008 ikidhani mwenye nyumba wa zamani atahama. Wapi! Mwisho wa Python 2 ulipangwa 2015, ukasogezwa hadi 2020.

Miaka yote hiyo matoleo mawili yalikaa diski moja kama wake wenza, bila kusalimiana. Ukiliuliza la zamani 3/2 ni ngapi, linajibu 1. Jipya linasema 1.5. Na ole wake aliyefuta la zamani kwa hasira: kwenye Linux nyingi, programu za mfumo zilikuwa zikilitegemea.

Januari 1, 2020, msaada ukakatwa rasmi. Aprili mwaka huohuo, marehemu akatoa toleo la 2.7.18.