Tuletee Roboti, Kibali Tutamtafutia

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Maji,
Nairobi.

Pole na vikao.

Tumesikia kwamba Uingereza, kuanzia 2019, Chuo Kikuu cha Sheffield kiliongoza mradi wa kuunda roboti wadogo wa kutambaa ndani ya mabomba yaliyozikwa na kuyakagua. Sisi wa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, tunaomba mmoja tu.

Utauliza mabomba yetu yana umri gani. Hapo pana utata. Kambi ilifunguliwa 1992 iwe ya muda, na kwenye makaratasi kitu cha muda hakizeeki. Ukilifukua bomba utakuta limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na mpira wenyewe umefungwa kwa mpira mwingine.

Ukituletea wa Kimarekani badala yake, kikwazo kipo. Roboti aliyetengenezwa na chuo cha MIT, Marekani, 2017, hubebwa na maji yenyewe bombani, akihisi mvuto penye tundu. Bila maji haendi. Hapa itabidi apange foleni na jerikani zetu tangu alfajiri, asubiri pampu iwashwe, na ikizimwa alale hapohapo alipofikia. Akitaka kwenda karakana Nairobi, bila karatasi ya kusafiria daraja la mto Tana halivuki.

Kwa sasa kazi yake inafanywa na mbuzi. Mchanga ukilowa pasipo mvua, wao hufika kwanza, makorongo wakafuata, kisha watoto na vikombe. Fundi akijaliwa, siku nyingine. Taarifa tunapeleka. Jibu ni kwamba fungu la uchunguzi lipo, la bomba jipya halipo.

Roboti simdharau. Bomba likikauka, tundu lililokuwa likimwaga maji hunyonya uchafu wa nje, na pampu ikirudi tunaupokea kwenye jerikani. Nasi ni watu wa Dadaab, kipindupindu tulikiona 2015, tukakiona tena 2022. Maji matamu ya Merti, hifadhi yetu ya chini ya ardhi, yamezungukwa na ya chumvi, na kuyavuta kutoka chini ni gharama. Kipimo cha UNHCR ni lita 20 kwa mtu kwa siku: jerikani moja, ya kupika, kuoga, kufua na kutawadha mara tano. Tone linaloishia mchangani limetoka humo.

Basi mlete, Mheshimiwa. Ila sandukuni mwake pakibaki nafasi, tutilie mabomba mapya na viungio. Kibali cha roboti kikichelewa, hivyo vitangulie.

Wako mtiifu,
Mkazi wa muda, Dagahaley