Siku Alizeti ya Bibi Ilipogeuzwa Unga

Wewe mwenye mtoto wa darasa la saba utanielewa. Shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili, Januari anaingia kidato cha kwanza na karibu masomo yote ni Kiingereza, hata hesabu. Kwa hiyo mke wangu, ambaye ndani humu tunamwita Waziri Mkuu, akaamuru: Jumamosi hakuna Kiswahili mpaka jua lizame. Mshauri wake ni mdogo wake, shemeji Kamusi, aliyekuja hapa Ikungi kusalimia tangu mavuno ya mwaka juzi na mpaka leo hajapata basi la kurudi Dodoma.

Jumamosi mimi hunyamaza. Ndiyo amani yangu.

Ilikuwa Machi, alizeti ya mama mkwe imechanua nyuma ya nyumba, manjano tupu. Wajukuu wanamwita Mkuu wa Mkoa. Shamba lile ndilo mafuta yetu ya mwaka mzima, na mashudu yake ni chakula cha kuku wake, wale kuku wa Singida ambao watu huteremka kwenye mabasi kuwanunua. Waziri Mkuu akabandika maji ya ugali, yakachemka, akafunua ndoo: hamna kitu. Akapaza sauti, "Flour! Bring flour, quickly!" Watoto wakatazamana. Spika, kitinda mimba wetu asiyefunga mdomo, neno hilo analijua, kalichora daftarini na kulipaka rangi. Wakachomoka na panga.

Walirudi na beseni limejaa vichwa vya alizeti, mbegu hata hazijakomaa.

Mtoto hakukosea, na nitamtetea popote. Flour, unga, na flower, ua, hutamkwa sawa kwa sababu asili yake ni neno moja: unga mwororo uliitwa ua la nafaka, sehemu yake bora, na kwa karne nyingi Waingereza waliyaandika bila kuyatenganisha. Mengine yaligongana njiani. Knight, askari wa farasi, zamani ilianza na sauti ya K. Sauti ikafa, herufi ikabaki, sasa haina tofauti na night, usiku. Halafu tuongeze sisi wenye irabu 5, ambao ship na sheep masikioni mwetu ni kitu kimoja. Ndiyo maana Spika huwaambia wageni kwamba tunafuga meli.

Kamusi akaanza kumweleza Mkuu wa Mkoa hayo yote, kwa Kiingereza, maana jua lilikuwa bado juu. Mama yake mzazi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa Kinyaturu, kirefu, bila kupumua. Mimi ni mkwe, niliinama. Kuku wakamaliza kudonoa beseni, maji yakakauka, sufuria ikaungua.

Kiingereza cha Jumamosi kinaendelea, isipokuwa jikoni, huko ni Kinyaturu. Kamusi ametozwa debe moja la alizeti, na amepewa muda wa kulipa: mavuno yajayo. Hivyo basi la Dodoma limesogezwa mbele tena.