Mabuu Kabla ya Gundi

Kazi ya kuchagua ilikuwa ya binti yetu wa miaka sita, naye aliifanya kama karani wa ghala: kokwa yenye ufa, nje; yenye tundu, nje; nzima inayong'aa, yenye kofia yake kichwani, ndani ya bakuli. Mdogo wake alikuwa mchukuzi. Hapa Columbus, Ohio, ikifika Oktoba miwaloni humwaga kokwa hadi barabarani, na mtoto hawezi kuzipita bila kuinama. Tulipanga kuzigeuza wanasesere: kokwa iwe kichwa, njiti ziwe miguu, jani la mepo liwe gauni. Ijumaa usiku bakuli likalala juu ya meza ya kulia.

Alfajiri mama mkwe, aliyetutembelea kutoka Muheza, aliamka kuswali akawasha taa.

"Mwanangu, njoo! Meza yako inatembea!"

Mabuu. Weupe, wanene, vichwa vya kahawia, wakijipinda juu ya kitambaa cha meza, wengine wakidondoka sakafuni, mmoja akielekea kwenye msala. Mume wangu akaja na ufagio, akatangaza kwamba bakuli zima linakwenda jalalani. Watoto wakaangua kilio ambacho majirani bila shaka walikisikia.

"Weka ufagio," Bibi akamwambia mwanawe. "Mahindi uliyokulia yalikuwa na fukusi, na ugali ulikula. Nani alikutupa wewe?"

Bibi alikuwa amelenga penyewe, maana hawa nao ni watoto wa fukusi. Kiangazi, kokwa ikiwa bado mbichi mtini, fukusi jike huitoboa kwa mdomo wake mrefu mwembamba na kutaga ndani. Buu hula kiini humo humo. Kokwa ikianguka, buu hutafuna tundu la mviringo, akatoka kutafuta udongo. Kwa hiyo zile zenye tundu, zilizokataliwa, ndizo zilizokuwa salama: mwenye nyumba alishahama. Wapangaji walikuwa ndani ya zile nzuri.

Bibi akaagiza ndoo ya maji. Zilizoelea, nyepesi kwa kuliwa ndani, zikaondolewa. Zilizozama zikafutwa, zikaingia ovenini kwa nyuzi 200 za Farenhaiti, saa nzima, kwa sababu hata iliyozama yaweza kuficha buu mchanga. Mwalimu yeyote wa chekechea anayepanga kazi ya kokwa, naomba aanzie hapo, kabla ya gundi.

Wakati wa kusubiri, watoto walichapa majani. Unalilaza jani mishipa ikiangalia juu, unaweka karatasi, unasugua kwa ubavu wa krayoni, na mishipa inajitokeza mmoja mmoja. Mdogo aliuliza nani aliyapaka majani rangi. Nilimweleza kwamba njano ilikuwamo muda wote, imefunikwa na kijani, bali wekundu wa mepo jani hulitengeneza wakati huu wa kuagana na mti. Alisugua jani moja kwa njano, kisha akalipitishia kijani juu yake hadi njano ikapotea, akatuonyesha. Hakuna aliyemfundisha hilo, na mimi kazi hiyo naiweka juu ya wanasesere wote.

Dada yake alirudi uani kuokota kokwa za matundu. Kila tundu alibandika punje ya mchele, ncha nje, kama anayechungulia. Kwenye familia yake ya wanasesere kila mtu sasa ana buu wake.

Mabuu wa kweli walizikwa chini ya mwaloni, na mdogo alizungusha mawe ili baba asipitishe mashine ya kukata nyasi. Nilipomwambia kwamba fukusi hukaa ardhini mwaka mmoja, miwili, hata zaidi kabla ya kutoka akiwa na mabawa, alimgeukia Bibi.

"Bibi, tiketi yako ya Desemba waambie bado."

"Wewe ndiye utakayempigia babu yako," Bibi akasema, akampa simu.